Kuokota mawe ya mapambo Nyanda za Juu Kusini: pa kutafuta, namna ya kupima na ya kuacha

Msimu mzuri wa kutafuta mawe Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe ni kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Oktoba. Mvua zimekatika, mito imeshuka, na maji ya Machi na Aprili yameshapanga changarawe upya. Usitembee mto mzima. Nenda kwenye kona, upande wa ndani, ambako maji hupungua kasi na kutua mzigo wake. Na kwenye fungu la mchanga katikati ya mto, angalia ncha inayotazama maji yanakotoka, kwani ndiko mawe mazito hubaki.

Lakini kabla ya mto kuna mahali rahisi zaidi, nalo ni mpaka wa shamba. Kila mwaka wakati wa kulima, mkulima hutoa mawe shambani na kuyarundika pembeni. Hapo hakuna kuchimba, hakuna maji, na mwenye shamba mara nyingi anafurahi yakiondoka. Chunya na sehemu kubwa ya Iringa vijijini, marundo hayo hujaa kwatsi, lile jiwe jeupe gumu ambalo wachimbaji hulifuata wakisaka dhahabu. Kwa bustani, kingo za maua na kujengea makaburi, linatosha kabisa.

Kila upande na mawe yake. Iringa ni nchi ya granaiti: majabali ya kijivu na ya waridi, na chini yake vipande vilivyobanduka vyenyewe kwa jua la mchana na baridi ya usiku. Chukua vipande hivyo, achana na jabali. Rungwe na Tukuyu ni mawe ya volkano: basalti nyeusi nzito, nzuri kwa njia za kutembelea na ukuta wa bustani, pamoja na lile jiwe jepesi lenye matundu linaloelea majini. Bonde la Songwe, magharibi ya jiji la Mbeya, lina travatini ambayo wengi huiita marumaru: mistari ya maziwa na kahawia iliyowekwa na maji ya chemchemi za moto. Sehemu hiyo ina kiwanda cha saruji na wachoma chokaa, kwa hiyo usijichukulie tu. Waulize wenye machimbo wakuuzie mabaki, kwa sababu kipande kidogo kwao ni taka na kwako ni meza. Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mawimbi yameshalainisha kokoto za kila rangi, ila ufuko ni wa kijiji na watu wanautegemea kwa wageni. Uliza kwanza.

Ruhusa

Anza kwa mwenye shamba, kisha mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji. Ukimruka mmoja, hata kama umepewa ruhusa ya mdomo na mwingine, utazuiwa wakati mzigo umeshapandishwa garini. Eleza unachochukua, kiasi gani na kwa kazi gani, na omba iandikwe hata mistari mitatu yenye mhuri.

Madini yote Tanzania ni mali ya umma chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, hata yaliyo kwenye ardhi yako, na sheria hiyo inayahesabu mawe ya ujenzi pia kuwa madini. Ukitaka kuchimba au kuuza, pitia kwanza kwa Afisa Madini Mkazi. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Watanzania tu. Hifadhi za Taifa kama Kitulo na Ruaha, na hifadhi za misitu, usiokote hata moja. Kando ya mto kumbuka mita 60: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya umbali huo. Kuokota kwa mkono juu ya changarawe ni jambo moja. Kuchimba ukingo ni jambo jingine, na ukingo uliochimbwa huanguka mvua ya kwanza.

Kuna mawe ya kuacha hata ukiruhusiwa. Rundo la mawe lililopangwa juu ya kilima au chini ya mti mkubwa huenda ni kaburi au mahali pa tambiko. Na Iringa, hasa makorongo ya upande wa Isimila, angalia jiwe lenye umbo la tone la maji, bapa, lililochongwa pande zote mbili mpaka likawa na makali kuzunguka. Hicho ni kifaa cha watu wa kale na kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kiache kilivyolala na utoe taarifa; kikishaondolewa mahali pake, kimepoteza nusu ya habari yake.

Jiwe jeusi zito linalonasa sumaku nalo lisikutie wazimu. Tangu Kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma lililoanguka kutoka angani, kijulikane, kila jiwe la namna hiyo huitwa kimondo. Lisugue nyuma ya kigae, upande usiong'arishwa: likiacha unga mweusi, ni magnetiti, madini ya chuma ya kawaida.

Kupima kabla ya kubeba

Hapa ndipo watu wengi hupotezea nguvu. Wanachagua rangi, wanabeba, jiwe linapasuka likianza kuchongwa. Uzima wa jiwe unatangulia rangi.

Lilowanishe kabisa, kisha liweke juani dakika tano hadi kumi. Uso ukikauka, nyufa hubaki zimeshika maji na kuonekana kama mistari myeusi myembamba. Mstari ukizunguka jiwe na kurudi ulikoanzia, liache. Halafu liegemeze juu ya vijiti viwili, sio mchangani, uligonge kwa nyundo ndogo. Jiwe zima hutoa mlio mkali unaodumu kidogo. Lenye ufa ndani hujibu kwa mlio mfu. Mchanga humeza sauti, ndiyo maana ya vijiti.

Kujua ni jiwe gani, tumia msumari na chupa. Kwatsi (ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10) hukwaruza chupa bila shida. Travatini (3) hukwaruzwa na msumari. Unga wake ukidondoshewa siki hutoa mapovu. Mapovu yakitoka, jiwe hilo lisiwe meza ya jikoni: ndimu na soda zitalila na kuacha madoa yasiyofutika.

Rangi nayo ina hila. Jiwe lililolowa linakuonyesha litakavyokuwa likishang'arishwa. Kama huna mpango wa kuling'arisha, lihukumu likiwa kavu, maana ndivyo litakavyokaa bustanini kwako.

Kutoa na kupasua

Beba mtaimbo, nyundo ya kilo moja na nusu, tindo, chekeche ya matundu ya sentimita mbili, glovu, mabuti na miwani ya kinga. Miwani si ya hiari; kwatsi hurusha vipande vyenye makali ya wembe. Ukigeuza jiwe, inua ukingo wa mbali ukilivutia kwako, ili kilicho chini kitokee upande ule na jiwe liwe kinga yako. Nyoka na nge hupenda humo, hasa miezi ya baridi.

Wapasuaji wengi huwasha moto juu ya granaiti, kisha humwaga maji. Kwa kokoto za zege inafaa. Kwa pambo ni kuliua jiwe: kwatsi iliyomo ndani hubadilika na kutanuka ghafla kwenye nyuzi 573 za Selsiasi, na nyufa ndogo huenea hata pale usipoziona. Ukinunua mawe yaliyopasuliwa, kagua masizi. Njia sahihi ni mstari wa vishimo kila sentimita 10, kabari ndani ya kila kimoja, na kuzigonga zote kwa zamu, nguvu ileile, hadi jiwe liachie lenyewe. Ukikazania kabari moja, ufa utakwenda unakotaka.

Chunya, kaa mbali na maduara ya zamani, yaani mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, midomo yake huporomoka. Usichekeche mchanga wa marudio, yaani mabaki yaliyokwisha kutolewa dhahabu: dhahabu ilikamatwa kwa zebaki, na zebaki bado imo.

Kusafisha na kung'arisha

Sabuni, maji na brashi ya nailoni hutosha kwa mengi. Kutu juu ya kwatsi huondoka kwa gramu 100 za asidi ya sitriki ndani ya lita moja ya maji, kwenye ndoo ya plastiki, siku mbili tatu. Kisha loweka kwenye maji safi siku nzima. Usitie travatini humo, itayeyuka. Na usichanganye asidi yoyote na dawa ya kufanya nguo nyeupe: hutoa gesi ya klorini.

Travatini hung'arishwa kwa mkono kwa msasa wa maji, kutoka mkali hadi laini: namba 120, 220, 400, 600, 1000. Chora mistari ya penseli kabla ya kila hatua. Ikifutika yote, songa mbele. Badilisha maji ya ndoo kila unapobadilisha msasa, kwa kuwa punje moja ya 120 iliyobaki itachora mikwaruzo utakayoiona ukifika 1000. Granaiti na kwatsi, peleka kwa mwenye mashine. Ukikata mwenyewe kwa grainda, kata huku maji yakitiririka na uchague mashine inayoruhusu hivyo kwa usalama wa umeme. Vumbi lake huharibu mapafu, na kitambaa usoni hakilizuii.

Kuhusu usafiri, piga hesabu kabla. Kipande cha granaiti cha sentimita 30 kila upande ni kilo 70 hivi. Kiroba cha kilo 50 za mchele, kikijazwa kokoto, hufika kilo 100 na kupasuka kitako, kwa hiyo jaza theluthi moja tu. Vipande vilivyong'arishwa visimamishe kwa ubavu, majani makavu katikati. Vikilazwa, shimo la kwanza barabarani huvunja cha chini.