Upepo ukivuma angalia shina, achana na matawi
Wenye mwembe au mkaratusi karibu na nyumba hapa Mwanza, upepo ukianza kabla ya mvua angalia chini kwenye shina, upande upepo unakotokea. Udongo ukiwa unapanda na kushuka kama unapumua, au kuna ufa mpya wa kuingiza kidole, mizizi imeachia hiyo, leo leo hamisha vitanda vya upande mti utakaoangukia, ndo utafute fundi wa kuukata. Huku kwetu milimani udongo ni kiduchu juu ya mawe, mizizi inatambaa tu haizami. Ila mti uliooza katikati ya shina hautaujua kwa kuangalia udongo, huo unakatikia juu, jaribu kugonga shina na nyundo, ukilia kama ngoma usiulalie chini.