Namna ya Kuchagua Umbizo la Kurasa na Milisho kwa Vivinjari na Vifaa Tofauti

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kumsaidia mwenzangu aliyekuwa akihamishia tovuti yake kwenye seva mpya. Kurasa zilifunguka vizuri kwenye kompyuta na kwenye simu, lakini mlisho (faili inayoorodhesha makala mpya za tovuti) ulikataliwa na kila kisomaji, yaani programu ya kusomea milisho, naye akaamini kwamba alikuwa amechagua umbizo baya. Umbizo lilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni ulinganifu kati ya kile ambacho seva ilikitangaza na kile kilichokuwamo ndani ya faili, na ndiyo maana Hatua ya 4 ni ndefu kuliko nyingine zote. Ninachukulia kwamba msomaji anajua kupandisha faili kwenye seva na kutumia terminali.

Hatua ya 1: Andaa ukurasa mmoja wa HTML kwa vifaa vyote

Kwa ukurasa unaosomwa na watu, tumia HTML na uitume kama `text/html`. Zamani palikuwa na sababu ya kutengeneza nakala kadhaa za ukurasa uleule, kwa kuwa simu za WAP (mfumo wa awali wa intaneti ya simu) zilielewa WML, lugha yake ya kurasa, na zilizofuata zilitarajia XHTML (HTML iliyoandikwa kwa kanuni kali za XML) iliyopunguzwa kwa ajili ya vifaa vidogo. Sababu hiyo imekwisha. Vivinjari vya leo, vya simu na vya kompyuta, huchanganua HTML kwa kanuni zilezile, zikiwamo kanuni za namna ya kushughulikia makosa ya mwandishi. Kinachotofautiana ni upana wa skrini na nguvu ya kifaa, na upana unashughulikiwa na CSS (lugha ya mwonekano wa ukurasa) pamoja na tagi moja ya `viewport`, iliyo katika Hatua ya 2.

Sishauri kabisa kusoma `User-Agent`, yaani maelezo ambayo kivinjari hujitambulisha nayo kwa seva, ili kuamua ni ukurasa gani utumwe. Karibu kila kivinjari hujitambulisha kwa kuanza na neno `Mozilla/5.0`, na Chrome hutaja pia jina la Safari, hivyo anayejenga uamuzi wake juu ya maelezo hayo atalazimika kuyarekebisha kila mara. Badala yake, hakikisha kwamba maandishi yenyewe yamo ndani ya HTML na hayasubiri JavaScript ndipo yaonekane. Opera Mini, kwa mfano, inapobana data kwa kiwango cha juu, huandaa ukurasa kwenye seva zake kabla ya kuutuma kwenye simu, na JavaScript hupata nafasi finyu sana humo.

Kuhusu XHTML, nashauri iachwe isipokuwa pale ambapo una zana zinazoizalisha na kuikagua zenyewe. Ukiituma kama `application/xhtml+xml`, kosa moja la tagi isiyofungwa linatosha kumwonyesha msomaji ujumbe wa kosa, na Internet Explorer haikuweza kuifungua hadi toleo la 9 la mwaka 2011. Ukiituma kama `text/html`, inachanganuliwa kama HTML ya kawaida, na hapo `<script src="a.js"/>` inahesabiwa kuwa tagi iliyofunguliwa bila kufungwa: kila kinachoifuata kinamezwa kama msimbo, na ukurasa unatokea mtupu.

Hatua ya 2: Weka mistari mitatu ya mwanzo

Anza na `<!DOCTYPE html>`, kisha ndani ya `head` weka `<meta charset="utf-8">` na `<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`. Tagi ya charset, inayotaja usimbaji wa herufi, lazima iwe ndani ya baiti 1024 za kwanza.

Hatua ya 3: Chagua umbizo la mlisho

Chaguo halisi ni tatu: RSS 2.0 ya mwaka 2002, Atom iliyosanifishwa mwaka 2005 katika RFC 4287 (RFC ni hati za viwango vya intaneti), na JSON Feed ya mwaka 2017. Mbili za kwanza huandikwa kwa XML, lugha ya tagi yenye kanuni kali, na ya tatu kwa JSON.

Kwa makala za maandishi, mimi huchagua Atom. Katika RSS 2.0 hakuna njia ya kumwambia msomaji kama kichwa cha makala ni maandishi matupu au ni HTML, na kwa sababu hiyo kichwa kinachozungumzia tagi ya `<b>` huonyeshwa hivi katika kisomaji kimoja na vile katika kingine. Atom huondoa utata huo kwa sifa ya `type`, inayopokea `text`, `html` au `xhtml`. Aidha, kila makala katika Atom lazima iwe na `id`, `title` na `updated`, ilhali RSS huruhusu makala isiyo na tarehe wala kitambulisho.

Podikasti ni suala jingine, na hapo hakuna mjadala: tumia RSS 2.0 yenye `enclosure`, tagi inayoelekeza kwenye faili ya sauti, kwa sababu saraka za podikasti, ikiwamo ya Apple, zimejengwa juu yake. Jaza sifa zote tatu za `enclosure`, yaani `url`, `length` kwa idadi ya baiti, na `type`. Hakikisha pia kwamba seva inakubali kutuma sehemu ya faili, la sivyo msikilizaji hataweza kuruka hadi katikati ya kipindi.

JSON Feed ni nzuri kwa programu unazoziandika mwenyewe. Iongeze kama mlisho wa pili ukitaka, lakini usiifanye iwe njia pekee, kwani si kila kisomaji kinaielewa.

Hatua ya 4: Linganisha tangazo la seva na yaliyomo kwenye faili

Kivinjari husamehe HTML mbovu, lakini kisomaji cha XML hakina wajibu wa kusamehe chochote. Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha umbizo, chunguza mambo yafuatayo kwa mpangilio huu.

Kwanza, angalia seva inasema nini kwa amri ya `curl -I` ikifuatwa na anwani ya mlisho. Mstari wa `Content-Type` unapaswa kuwa `application/atom+xml; charset=utf-8`, au `application/rss+xml; charset=utf-8` kwa RSS. Ukiona `text/html`, seva haijaambiwa faili hiyo ni nini. Ukiona `text/xml` pasipo charset, rekebisha pia, kwa sababu RFC 3023 ya mwaka 2001 iliagiza faili ya namna hiyo isomwe kama US-ASCII (usimbaji wa herufi za msingi za Kiingereza tu) hata kama mstari wake wa kwanza unataja UTF-8. Agizo hilo liliondolewa na RFC 7303 mwaka 2014, ila programu za zamani bado zipo.

Pili, angalia baiti za mwanzo kwa `curl -s ANWANI | head -c 16 | xxd`. Zinapaswa kuanza na `3c 3f 78 6d 6c`, yaani `<?xml`. Zikianza na `0a`, kuna mstari mtupu kabla ya tangazo la XML, na kichanganuzi kinachofuata kanuni kitakataa faili nzima. Hiki ndicho kisa kinachopoteza saa nyingi kuliko vyote, kwa kuwa mstari huo hauonekani ukifungua mlisho kwa macho, na mara nyingi hautoki kwenye kiolezo cha mlisho bali kwenye faili nyingine ya PHP iliyoingizwa kabla yake, yenye nafasi iliyoachwa baada ya `?>`. Dawa yake ni kufuta `?>` ya mwisho katika kila faili ya PHP isiyo na HTML. Baiti `ef bb bf`, alama ya UTF-8 ambayo baadhi ya programu huiweka mwanzoni mwa faili, zinakubalika zikiwa za kwanza kabisa. Zikirudiwa, nalo ni kosa.

Tatu, kagua herufi. Maandishi ya Kiswahili karibu yote yamo ndani ya ASCII, hivyo kosa la usimbaji linaweza kujificha kwa miezi hadi siku programu ya kuandikia itakapobadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu katika UTF-8, na zikisomwa kama Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows, *ng’ombe* hugeuka kuwa *ngâ€™ombe*. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ritifaa hiyo ikihifadhiwa kwa Windows-1252 huwa baiti moja, `92`, ambayo si halali mahali hapo katika UTF-8, na mlisho wote husimama.

Nne, tafuta alama za HTML ambazo XML haizitambui. XML inazo tano tu zilizofafanuliwa tangu awali: `&amp;`, `&lt;`, `&gt;`, `&quot;` na `&apos;`. Kwa hiyo `&nbsp;` isiyo ndani ya CDATA (sehemu ambayo XML huisoma kama maandishi matupu) huvunja mlisho, sawa na `&` tupu ndani ya anwani yenye vigezo viwili.

Baada ya hapo endesha `xmllint --noout`, amri ya kukagua XML, juu ya faili, kisha tumia kikaguzi cha milisho cha W3C, shirika la viwango vya wavuti. Naanza na `xmllint` kwa sababu inataja mstari wenye kosa papo hapo. Vilevile, zalisha mlisho kwa maktaba ya XML, wala usiunganishe vipande vya maandishi kwa mkono, kwani maktaba itazishughulikia `&` na `<` yenyewe.

Hatua ya 5: Tarehe na vitambulisho

RSS hutaka tarehe ya mtindo wa `Mon, 06 Jan 2025 09:30:00 GMT`, na Atom hutaka `2025-01-06T09:30:00Z`. Ikiwa seva au mfumo wako umewekwa katika Kiswahili, hakikisha majina ya siku na miezi ndani ya RSS yanabaki ya Kiingereza, maana tarehe yenye jina la Kiswahili haitaeleweka. Kitambulisho cha makala kisibadilike kamwe, hata anwani ikibadilika, vinginevyo wasomaji wataletewa makala zote za zamani kana kwamba ni mpya.

Hatua ya 6: Utangaze mlisho

Safari iliacha kusoma milisho mwaka 2012 na Firefox ikafuata Desemba 2018, hivyo msomaji hutegemea programu ya pembeni. Weka `<link rel="alternate" type="application/atom+xml" href="/mlisho.xml">` ndani ya `head` ya kila ukurasa ili programu hizo ziupate mlisho zenyewe, na uweke pia kiungo kinachoonekana. Mwisho, wezesha `ETag` au `Last-Modified`, vichwa vya jibu la seva vinavyotambulisha toleo la faili, ili kisomaji kinachorudi mara kwa mara kijibiwe 304 (yaani “haijabadilika”) pasipo kupakua faili ambayo haijabadilika, jambo ambalo mwenye simu anayelipia data atalihisi.