Kupanga Bajeti ya Krismasi kwa Kuanzia Januari

Nimekuwa mweka hazina wa chama cha kuweka akiba na kukopeshana cha watu 18 mtaani Umoja, Nairobi, kwa miaka kadhaa sasa, na kila mwezi wa kwanza daftari langu hunionyesha jambo lile lile. Wanachama wanaokuja kuomba mkopo wa dharura hawakuishiwa kwa sababu ya kuku na chapati za tarehe 25 Desemba. Waliishiwa kwa sababu mshahara wa Desemba uliingia mapema, nao wakautumia kana kwamba mwezi ule ulikuwa sawa na mingine. Utaratibu ninaowapa ndio huu: hesabu huanza na mahitaji ya Januari, lakini wakati mzuri wa kuuanza ni Septemba.

Hatua ya kwanza: hesabu siku

Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba kabla ya Krismasi. Ukilipwa tarehe 20 Desemba, kisha mshahara unaofuata uingie tarehe 31 Januari, fedha hizo zitakulisha kwa siku 42. Andika idadi hiyo juu kabisa ya ukurasa, kwa kalamu nyekundu ukipenda, kwa kuwa hesabu zote zinazofuata zinaitegemea.

Hatua ya pili: toa Januari kwanza

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi hukunja uso. Kabla hujaandika neno "Krismasi", andika kila kitu ambacho siku hizo 42 zitakudai. Chukua mfano wa familia ya watu wanne inayopokea shilingi 60,000 baada ya makato. Kodi ya nyumba ya Januari ni 15,000. Karo ya muhula wa kwanza kwa watoto wawili ni 12,000. Sare na vitabu ni 3,500. Umeme, maji na gesi ni 4,000. Chakula na matatu kwa shilingi 500 kila siku ni 21,000. Jumla ni 55,500. Kinachobaki kwa ajili ya sikukuu ni shilingi 4,500.

Mwanachama mmoja alipoiona hesabu yake mwenyewe imesimama hivyo, aliniuliza kama nimesahau sifuri mahali. Sikuwa nimesahau. Usijaribu pia kupunguza ile 500 ya kila siku kwa kuwa mtakuwa mashambani mkila kwa wazazi. Mgeni kutoka Nairobi ndiye hutumwa sukari na mkate tangu siku ya kwanza.

Hatua ya tatu: itisha taarifa ya M-Pesa ya Desemba iliyopita

Tukiulizwa tulitumia kiasi gani mwaka jana, wengi wetu hutaja nusu. Piga *334# au utumie programu ya M-Pesa, uombe taarifa ya Desemba na Januari zilizopita, kisha uipitie mstari kwa mstari ukiandika kila malipo yalikuwa ya nini. Pesa uliyotoa kwa wakala haitaeleza ilikokwenda, kwa hiyo iwekee fungu lake na ukubali kwamba ilikwisha.

Hatua ya nne: gawanya mafungu, ukianza na nauli ya kurudi

Tuseme familia ile inataka Krismasi ya shilingi 24,000. Nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, kwa 1,500 kila mmoja kila safari, ni 12,000, chakula 6,000, nguo na zawadi 3,000, michango 2,000, na 1,000 ya jambo lisilotazamiwa. Nauli za kwenda magharibi mwa Kenya hupanda sana siku chache kabla ya Krismasi, kwa hiyo usiandike nauli ya Agosti. Anayekwenda Mombasa kwa treni ya Madaraka Express akate tiketi mapema kupitia *639#, kwa sababu nafasi za Desemba huisha haraka.

Nauli ya kurudi ndiyo inayosahaulika, nayo hupanda tena wiki ya kufungua shule. Mwaka mmoja nilikopa kwa simu nikiwa stendi, mtoto mgongoni, ili tuweze kurudi mjini. Tangu hapo nauli hiyo huilipa siku ile ile ninapolipia ya kwenda.

Hatua ya tano: rudi nyuma hadi Septemba

Kutoka 24,000 ondoa zile 4,500 za mshahara wa Desemba, zinabaki 19,500. Ukianza tarehe 20 Septemba una wiki 13, yaani shilingi 1,500 kila wiki. Kama kiasi hicho hakiwezekani, punguza Krismasi sasa hivi, karatasi ikiwa bado mbele yako. Akiba hiyo isikae kwenye laini unayonunulia mboga. Ifunge kwenye M-Shwari, akaunti ya akiba ya M-Pesa, hadi Desemba, au iweke kwenye sacco au kwenye chama.

Kuhusu chama nina ushauri mmoja zaidi. Zamani tuligawana fedha zote wiki ya kwanza ya Desemba, na kufikia Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12, nyingi zilikuwa zimekwisha. Sasa sehemu ya kwanza huitoa kama vyakula tulivyonunua kwa bei ya jumla, yaani unga wa ngano, mchele, mafuta na sukari, na sehemu ya karo huitoa tarehe 2 Januari. Kulikuwa na manung'uniko mwaka wa kwanza tu.

Hatua ya sita: nunua mapema kisichooza

Nguo za watoto zitafute kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi mwezi wa Novemba. Nyama, nyanya na vitunguu visubiri.

Hatua ya saba: zungumza na nyumbani kabla hujafika

Mpigie simu mama au kaka mkubwa mwanzoni mwa Desemba, umweleze kwa heshima utakuja na nini, na uulize ni michango ipi inayokusubiri: harusi, kanisa, au paa la nyumba ya nyanya. Ni rahisi zaidi kusema "mwaka huu nitatoa elfu moja" kwa simu kuliko kusema hivyo mbele ya wazee walioketi chini ya mwembe wakikutazama mkononi.

Hatua ya nane: funga mlango wa mkopo

Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, hukamilisha malipo hata salio lako likiwa limekwisha, na ada huongezeka kadiri deni linavyokaa. Lipa unachodaiwa, kisha ujiondoe kupitia *234# kabla ya tarehe 20. Unaweza kujiunga tena Februari.

Hatua ya tisa: andika kilichotumika

Daftari lisafiri nawe. Kila jioni mwandike kilichotoka, hata shilingi 50 za peremende za watoto wa jirani, na mkirudi Nairobi mlinganishe kila fungu na lile la Septemba. Ukurasa huo usiung'oe. Ndio utakaoufungua tarehe 20 Septemba ijayo.