Namna ya Kupima Ubora wa Kisu cha Kukunja cha Bei Nafuu Kutoka Nje

Visu vya kukunja vya mtindo wa zamani, vyenye mpini wa mfupa au mbao na visivyo na kufuli ya kuushikilia ubapa, vilijijengea sifa katika miji kama Sheffield, Solingen na Thiers. Leo mitindo yake maarufu, kama vile barlow, trapper na stockman, huigwa kwa wingi katika viwanda vya nchi nyingine, hasa vya mji wa Yangjiang nchini China. Kuigwa huko hakukifanyi kisu kuwa kibaya, na kwa bei ndogo mtu anaweza kupata kifaa cha kumtumikia miaka mingi. Hata hivyo, tofauti kati ya visu viwili vya aina ileile huwa kubwa kuliko ilivyo kwa visu vya bei ghali, kwa kuwa bei inaposhuka, muda wa fundi wa kukikagua na kukirekebisha kila kimoja hupunguzwa mapema. Mnunuzi basi hana budi kukipima kisu kile alichokishika mkononi, na kwa kila kasoro anayoiona ajiulize kama ataweza kuiondoa mwenyewe au itabaki palepale maisha yote ya kisu hicho.

Ukaguzi uanzie mgongoni. Kinachoushika ubapa, uwe wazi au umefungwa, ni springi ya chuma iliyolala kwenye mgongo wa mpini na kulikandamiza shina la ubapa, yaani sehemu yake ya chini inayokaa ndani ya mpini. Kinyanyue kisu kilichofungwa kuelekea kwenye mwanga, utazame kati ya springi na mabamba ya ndani yanayoibana kila upande. Mwanya mwembamba sana sehemu moja huvumilika. Mwanya unaoonekana bila kuutafuta huingiza vumbi na unyevu, na hauzibiki baada ya kisu kugongwa pini zinazokishikanisha. Kisha kokota ukucha kukatisha mgongo, kwanza kisu kikiwa kimefungwa, halafu kikiwa wazi kabisa. Katika kisu kilichofanyiwa kazi kwa uangalifu, ukucha hupita bila kukwama katika hali zote mbili. Springi ikizama au kujitokeza kidogo ubapa ukiwa nusu wazi, mimi siihesabu kuwa dosari kubwa, kwa sababu hakuna anayekitumia kisu katika hali hiyo.

Springi hiyohiyo ipimwe pia kwa nguvu zake. Ubapa unapokaribia kufunguka au kufungwa, springi inapaswa kuuvuta yenyewe na kuumalizia safari kwa mlio mkavu. Ukijiendea polepole, au ukining'inia ovyo bila kuvutwa, springi ni dhaifu, na kwa kuwa hakuna kufuli, udhaifu huo unaweza kuufanya ubapa ujifunge juu ya vidole. Kasoro hiyo haina tiba nyumbani. Springi ngumu kupita kiasi nayo ni hatari, maana humlazimisha mtu kuvuta kwa nguvu nyingi kupitia mfuo mdogo wa ukucha uliochongwa kwenye ubapa, na ukucha ukiteleza ubapa hurudi kwa kasi. Hata hivyo, ugumu unaotokana na uchafu wa kiwandani hupungua kwa mafuta, kwa hiyo usikikatae kisu kwa sababu hiyo kabla ya kukisafisha.

Baada ya hapo ufungue ubapa, ushike mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa ubapa kwa vidole viwili vya mkono mwingine, ujaribu kuuyumbisha kushoto na kulia, kisha juu na chini. Ubapa unaocheza juu na chini unaonyesha kwamba shina lake na springi havikukutana sawasawa, na hilo ni la kukataliwa moja kwa moja. Unaocheza kidogo kwa pembeni unaweza kukazwa na fundi, lakini pini ya visu hivi imegongwa kwa nyundo, haina skrubu, na pigo moja la pembeni laweza kuupasua mpini wa mfupa. Kwa kisu cha bei ndogo sioni faida ya kujitafutia kazi hiyo.

Ufunge tena, ukiviweka vidole mbali na njia ya makali, utazame jinsi ubapa ulivyokaa ndani. Ubapa ukigusa bamba la upande mmoja, utachubuka kila unapofunguliwa. Katika kisu chenye bapa mbili au tatu, kwa kawaida bapa hukaa karibukaribu na hupindwa kidogo kwa makusudi ili zipishane, hivyo usitarajie kila mmoja uwe katikati. Pitisha kitambaa laini juu ya ncha zilizofungwa: ncha inayonasa kitambaa itanasa mfuko na kidole pia. Tazama vilevile kama makali yana kijipengo mahali ubapa unapokutana na springi. Kijipengo hicho kinaonyesha kwamba makali hugonga springi kila ubapa unapojifunga, na kunoa pekee hakutakiondoa chanzo chake.

Mpini hauhitaji muda mrefu. Angalia nyufa ndogo kuzunguka pini, hasa kwenye mfupa, kwani ufa hauachi kuendelea. Kona kali na kingo zilizoachwa bila kulainishwa huisha kwa msasa mwembamba. Tofauti ya rangi kati ya upande mmoja na mwingine ni tabia ya mfupa uliotiwa rangi.

Chuma ndicho kinachotangazwa zaidi, ilhali ndicho kigumu kuthibitishwa kwa macho. Maneno kama "chuma cha upasuaji" hayasemi lolote kuhusu uwezo wa kukata. Namba 440 pekee, ambayo ni jina la kundi la chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, nayo haitoshi: 440A ina kaboni ya takriban asilimia 0.60 hadi 0.75, ilhali 440C ina asilimia 0.95 hadi 1.20, na zote zina kromiamu ya asilimia 16 hadi 18. Hata 440A hufaa kabisa kwa kazi za mfukoni ikiwa imepashwa moto na kupozwa ipasavyo, yaani ikafikia ugumu wa takriban 55 hadi 57 kwenye kipimo cha Rockwell C. Namba iliyochapwa kwenye shina haikuambii kama hilo lilifanyika.

Njia ya uhakika zaidi ni kunoa na kukata. Usihukumu makali ya kiwandani, kwa sababu mashine ya kusaga huweza kuchoma utepe mwembamba wa ukingo na kuulainisha, hata kama sehemu iliyobaki ni imara. Noa kwenye jiwe mara mbili au tatu, ukiondoa chuma taratibu kwa pembe ileile, kisha kata karatasi ngumu ya maboksi, uyatazame makali chini ya taa. Mstari unaong'aa unaonyesha makali yaliyolala au kuwa butu. Yakilala mapema hata baada ya kunolewa hivyo, chuma ni laini mno. Yakimeguka vipande vidogo kwa kazi nyepesi, ama chuma ni kigumu mno na chepesi kumeguka au makali yamenolewa kwa pembe nyembamba mno, na hapo ongeza pembe kidogo kabla ya kukilaumu chuma.

Kwa kuwa kunoa huacha alama ambazo muuzaji anaweza kuzitumia kukataa kukirudisha kisu, mambo mengine yote yakamilishwe kwanza. Osha kiungo kwa maji ya moto yenye sabuni bila kuuloweka mpini, kausha vizuri, tia tone la mafuta, fungua na kufunga mara nyingi ukifuta weusi unaotoka mpaka kitambaa kibaki safi. Kisha rudia jaribio la kuuyumbisha ubapa, kwa sababu grisi nzito ya kiwandani huweza kuficha ulegevu ambao hauonekani kisu kikiwa kipya.