Nyigu kwenye maembe, usikimbilie moto
Wakulima wa maembe huku Luwero, Uganda, nyigu wakijaa shambani usichome kiota na moto, utaunguza tawi zima bure. Kwanza okota kila siku maembe yaliyoanguka au kupasuka maana harufu ya tunda bivu ndo inawaita, na uchume mapema kabla hayajalainika. Kiota kikiwa mbali na wachumaji kiache tu, hao jamaa wanakula viwavi sana. Kikiwa pale unapoegesha ngazi subiri giza watulie, vaa nguo nzito, funika uso, wapulizie maji ya sabuni mengi kwa bomba, alafu asubuhi kwangua kile kiota chao kinachofanana na karatasi. Mi nilienda saa saba mchana, wakaniuma, jicho likafumba siku mbili. Ukiumwa na pumzi ikibana, panda boda mbio hospitali.