Mtoto anasakamwa WhatsApp? Usifute kitu kwanza

Naandika mara moja, maana inbox imejaa swali hilihili. Kila shule zikifungwa simu ya mama inakuwa ya mtoto, grupu la darasa linachangamka, na baada ya siku chache kuna mtoto hataki kula.

1. Msikilize. Usianze na "kwani wewe ulimfanyia nini?"

2. Usimnyang'anye simu. Ukimnyang'anya, safari ijayo hakwambii.

3. Weka ushahidi KABLA hujablok mtu wala kufuta chochote. Hapa ndipo nilipoharibu mimi: hasira zilinipanda nikafuta grupu zima, kisha nikaenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Afande akauliza, "Namba gani ilituma? Lini?" Sina. Kwa hiyo piga skrinishoti zinazoonyesha ujumbe, tarehe na saa. Aliyeseviwa anatokea kwa jina tu, "Mbabe wa 6B", na jina unaweza kumsevia yeyote. Gusa jina, fungua wasifu, piga nyingine yenye namba. Stika nazo usiziache. Siku hizi wanakata uso wa mtoto kwenye picha ya mahafali, wanautengenezea stika, inazunguka grupu kwa grupu. Na kama meseji za grupu zimewekwa zijifute zenyewe baada ya saa 24, usingoje kesho.

ONYO: picha ya utupu ya mtoto usiipige skrinishoti wala kumtumia mtu, hata mwalimu. Kuisambaza ni kosa, na nia njema haikuokoi. Peleka simu yenyewe polisi.

ONYO la pili: usiingie kwenye grupu kutukana watoto wa watu. Voisi yako ndiyo itakayofika kwa mwalimu mkuu.

4. Sasa ripoti, kisha blok. Ukiripoti, WhatsApp wanapokea meseji tano za mwisho alizokutumia, na yeye haambiwi.

5. Mipangilio, faragha, magrupu: ruhusu waliomo kwenye orodha yako ya namba tu wakuingize kwenye grupu.

6. Wanafunzi kwa wanafunzi, anza na mwalimu wa darasa. Vitisho, au mtu mzima yumo: Dawati. Simu ya watoto ni 116, bure.

MASWALI

Mama Wawili: Nishablok jana. Ushahidi napata wapi?
— Hatua ya 3, dada. Kublok hakufuti mazungumzo. Kama hujafuta, yapo.

Mzee wa Busara: Sisi tulitaniwa tukakua. Hii nayo kesi?
— Soma Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ya Tanzania, kifungu cha 23. Faini haipungui milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Sijasema uwafunge watoto. Nimesema anza na mwalimu. Au hukufika huko?

Binti Pwani: Mdogo wangu ana miaka 15, alimtumia mvulana picha. Sasa anadaiwa hela isivuje. Naogopa hata kumwambia baba.
— Pole sana, na umefanya vizuri kuuliza. Asilipe, akilipa ataombwa tena. Asitume picha nyingine, asifute mazungumzo. Kuna huduma ya bure, Take It Down, ya picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yenu. Inatengenezwa alama yake tu, na mitandao iliyojiunga, Facebook, Instagram na TikTok zikiwemo, inaitumia kuizuia. Ndani ya WhatsApp haifiki, kwa hiyo Dawati mwende vilevile. Baba akiwa mkali, tanguliza shangazi. Ukikwama, njoo inbox.

Fundi Simu: Nyongeza. Laini ya mtoto iko kwa NIDA ya mzazi, kwa hiyo namba ikifuatiliwa anaitwa mzazi. Piga *106# uone namba zilizo kwa jina lako.
— Hili sikulifikiria. Asante.

Mama Wawili: Nimepiga, nimekuta mbili sizijui!
— Nenda na kitambulisho duka la mtandao husika wakazifute. Leo, si Jumatatu.