Jinsi ya kupima risasi nzito za kusubu zinazama kiasi gani

Watu wakianza kubishana kuhusu risasi nzito za bastola, zile za kusubu (madini yanayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) zenye pua bapa, utasikia namba tupu: yangu imetoboa madumu nane, yangu imezama sentimita mia na ishirini. Sawa, lakini ulipiga kwenye nini? Kwa spidi gani? Na ilienda imenyooka mpaka mwisho au ilipinduka katikati ikaishia ubavuni? Bila hayo matatu, namba ya kina ni maneno ya kijiweni tu.

Halafu Kiswahili chenyewe kinatuchanganya, manake risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu na risasi ni madini pia, kwa hiyo humu madini nitayaita ledi tusije tukapotezana.

Kabla ya yote, hii kazi inafanyika kwenye uwanja halali wa kulenga shabaha, silaha ina kibali, na nyuma ya shabaha kuna tuta nene la udongo. Tuta hilo sio mapambo. Risasi ya aina hii imetengenezwa ili isisimame, na siku moja itapita kila kitu ulichopanga. Miwani na vizibo vya masikio ni lazima, na usipige kwenye magogo makavu wala chuma, ledi ngumu inaweza ikakurudia.

Ijue kwanza risasi yako. Ledi tupu ni laini, ugumu wake kwa kipimo cha Brinell ni kama 5 hivi. Ukichanganya bati na antimoni inapanda: mchanganyiko wa ledi 90, bati 5 na antimoni 5 kwa mia unafika kama 15, na ile ledi ya zamani ya mashine za kuchapia magazeti ni karibu 22. Wengi wanadhani ngumu zaidi ndio bora, mimi sikubaliani. Antimoni ikizidi risasi inakuwa kama chungu cha udongo, ikigonga mfupa inavunjika vipande, na kipande hakiwezi kuzama kama risasi nzima. Ya katikati, isiyopanuka wala kuvunjika, inatosha.

Pima uzito wa risasi tano sita kwenye mizani ya greni (kile kipimo kidogo cha uzito wa risasi) uandike, pima na upana wa ule ubapa wa puani. Ubapa ukiwa mpana sana unakata njia pana ila unakula kina, ukiwa mdogo au pua ikiwa ya mviringo kabisa inazama lakini inapenda kupinduka. Uzito kwa kaliba, yani unene wa risasi, nao una maana kubwa: risasi ya .44 ya greni 300 (kama gramu 19.4) ina msukumo nyuma yake kuliko ya greni 240 ya kaliba hiyohiyo, kwa hiyo zikienda spidi moja na pua zinafanana, ile nzito itakwenda mbali zaidi. Kuongeza spidi kunasaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani kwa sababu ukinzani unapanda kwa mraba wa spidi, ukizidisha spidi mara mbili usitegemee kina mara mbili. Na kama unajaza maganda ya risasi mwenyewe usiguse baruti kupita kiwango cha kwenye kitabu cha ujazaji eti unatafuta kina, hakuna sentimita yenye thamani ya vidole vyako.

Sasa cha kupigia. Njia rahisi ni madumu ya plastiki ya lita nne hivi yaliyojaa maji mpaka juu na kufungwa, yamepangwa mstari mmoja juu ya ubao mrefu, yanagusana. Mimi mara ya kwanza nilipanga sita nikajiona nimezidisha, nikapiga, maji yakaruka kila upande kama bomba limepasuka, nikakimbilia mwisho wa mstari kuokota risasi yangu na risasi haipo, yote sita yametobolewa na tutani kuna kashimo kadogo tu. Panga kumi au kumi na mbili, na nyuma yake weka ndoo ya mchanga mkavu.

Kitu ambacho watu wanasahau ni kadibodi. Kata vipande vyembamba vya boksi uviweke kati ya kila dumu na lenzake, uviandike namba. Ukishapiga unavitoa kimoja kimoja unaviangalia, na hapo ndipo mambo yanapoonekana. Tundu la duara safi lenye kingo zilizokatika vizuri maana yake risasi imepita kichwa mbele. Tundu likianza kuwa la yai, imeanza kuyumba. Ukikuta tundu refu lenye umbo la risasi yenyewe imelala ubavu, hapo imeshapinduka, na kina chochote kuanzia hapo hukitegemei tena. Niliwahi kupiga risasi ya pua ya mviringo, kadibodi namba moja duara, mbili duara, tatu yai, nne imelala kabisa, na dumu la tano lilitobolewa ubavuni, ikatokea pembeni. Ningehesabu madumu tu ningesema imepita matano, kumbe nusu ya safari ilikuwa inabingirika.

Ila maji yana uongo wake. Risasi inazama kwenye maji zaidi kuliko kwenye jeli (gelatini iliyogandishwa, inayotumika badala ya nyama), kwa hiyo usichukue jumla ya upana wa madumu ukasema ndio kina kwenye nyama. Maji ni ya kulinganisha risasi na risasi, siku moja, madumu ya aina moja, basi.

Magazeti yaliyoloweshwa nayo yapo. Loweka usiku kucha mpaka maji yaingie katikati kabisa, toa, acha yachuje kama nusu saa, bana kwenye boksi. Ni magumu kuliko jeli na kina kitakuwa kifupi, lakini faida yake risasi unaikuta imekaa pale ilipoishia na unapekua kurasa mpaka uifikie. Shida ni kwamba yakikauka kidogo tu matokeo yanabadilika, ndio maana risasi mbili unazolinganisha zipigwe kwenye furushi moja, nafasi tofauti, ndani ya saa hiyohiyo.

Ukitaka namba ya kumwonyesha mtu, ni jeli. Jeli ya kupimia risasi ni ya asilimia 10 kwa uzito. Kipande cha sentimita 15 kwa 15 kwa 40 ni kama lita 9, yani unga wa gelatini gramu 900 na maji lita 8.1. Mimina unga kwenye maji baridi, sio maji kwenye unga, manake itashika mabonge hutayamaliza. Uache unywe maji masaa mawili hivi, halafu pasha taratibu huku unakoroga polepole, usipitishe nyuzi 40 za Selsiasi, ukichemsha umeiharibu na itakuwa laini hata ikiganda. Matone machache ya mafuta ya mdalasini yanapunguza povu na kuzuia isioze. Mimina kwenye kalibu, weka kwenye friji nyuzi 4, iache siku moja na nusu au mbili.

Kwa risasi hizi kipande kimoja ni mzaha. Wapimaji wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wanatafuta sentimita 30 mpaka 45 kwa risasi za kazi ya polisi, lakini risasi nzito ngumu isiyopanuka inapita hapo bila hata kupunguza mwendo. Andaa vipande vitatu, ikibidi vinne, vilivyosukumwa vigusane bila nafasi, nyuma yake ule mchanga.

Kabla hujapiga lazima uihakiki jeli, na hapa ndipo wengi wanakata kona. Chukua bunduki ya upepo, gololi ya chuma ya milimita 4.5, ipite kwenye kronografu (kifaa cha kupima spidi ya risasi) kwa kama mita 180 kwa sekunde, ipige kwenye kona ya kipande. Inatakiwa izame sentimita 8.5, ikikosea isizidi sentimita moja huku au kule. Ikizama 11, jeli yako ni laini au imepata joto, rudisha kwenye friji au anza upya, usianze kufanya hesabu za kurekebisha. Fanya hivyo kwa kila kipande. Zile jeli za plastiki zinazoangaza kama kioo ni nzuri kwa picha na hazihitaji friji, ila hazifanani na jeli halisi, kwa hiyo usichanganye namba zake na hizi.

Kupiga kwenyewe ni haraka. Toa jeli kwenye friji, una kama nusu saa. Simama mita 3 mpaka 7, kronografu katikati, andika spidi ya kila risasi, lenga katikati ya uso wa kipande. Piga angalau tatu kwa kila aina, tano ni bora, ukiziachanisha ili njia zisiingiliane.

Kisha pima. Kina ni kuanzia uso wa kwanza mpaka ncha ya risasi ilipoishia, sio kitako chake. Kila sehemu vipande vinapokutana, pima tundu limehama sentimita ngapi kutoka kwenye mstari wa kuingilia. Unaweza kupitisha kijiti chembamba ndani ya njia, kikipita bila kulazimishwa risasi ilinyooka. Mimi risasi iliyozama sentimita 90 imenyooka naichukua mbele ya iliyofika 110 huku imekunja kona kutokea ubavuni.

Risasi yenyewe ikate uitoe, ioshe, ikaushe, ipime uzito tena. Ya greni 300 ikirudi na 297 imekaa vizuri, ikirudi na 220 imevunjika na unajua mchanganyiko wako ni mgumu mno. Angalia pua: ikibonyea pembeni kidogo ni kawaida, ikiwa imefunguka kama uyoga basi ledi yako ni laini kuliko ulivyoambiwa. Angalia na zile alama za mifereji ya mtutu ubavuni, zikiwa zimefutika risasi iliteleza mtutuni na haikuzungushwa inavyotakiwa, na mara nyingi hizo ndizo zinazopinduka.

Itie kwenye kimfuko, andika kaliba, uzito kabla na baada, spidi, kina, imehama kiasi gani, gololi ilizama ngapi siku hiyo. Halafu kanawe mikono kwa sabuni kabla hujagusa chochote cha kula, na ile jeli yenye vumbi la ledi usimpe mbwa hata akikulilia.